Shuka Lililofungwa Dirishani

Kitendawili, wajukuu zangu. Tukiachana hatusikilizani, tukikutana ndipo tunazungumza.

Najua kuna atakayesema ni midomo. Siyo; midomo ikikutana ndipo mtu hunyamaza. Leo jibu nawapa bure, wala sidai mji, maana bila jibu hili hamtaelewa yaliyonifika. Ni watu wawili wanaokunja shuka.

Kwa aliyefungua gazeti leo akanikuta katikati ya safari, habari yangu ni hii. Nilikuwa dobi wa hospitali tangu usichana mpaka mvi. Kazi yangu ilikuwa kukunja. Ikaletwa mashine inayokunja yenyewe, mimi na mwenzangu wa upande wa pili wa shuka, niliyemwita Pacha, tukarudishwa nyumbani. Pacha hakukaa sana, akafariki. Mzee wangu alikuwa ametangulia zamani. Nikabaki na goti bovu na chumba chenye dirisha moja.

Wiki iliyopita niliwaachia pale mjukuu wangu alipokuja na habari za harusi. Huyu namwita Bi Mdogo, naye huniita Bi Mkubwa, kwa kuwa sote wawili tuliolewa na babu yake. Yeye kwa utani, mimi kwa taabu. Nilimwuliza kama ameomba talaka kwa marehemu kabla ya kwenda kwa bwana mwingine. Akasema marehemu ameridhia, kwa sharti moja: Bi Mkubwa asimame ukumbini atoe hotuba.

Nikakubali kabla sijafikiri. Mimi na maneno tunajuana, nikajiambia. Kazi ndogo.

Asubuhi yake nikasimama mbele ya kioo cha kabati nikaanza: Mabibi na mabwana. Yule bibi wa kwenye kioo akanitazama kana kwamba yeye ndiye anayengoja kuambiwa. Nikarudia. Mabibi na mabwana. Baada ya hapo kichwa kikawa cheupe, kama mtu kamwaga dawa ya kufulia ndani.

Nikajaribu kukaa. Nikajaribu kuvihutubia viti. Nikavaa gauni langu la sherehe nikidhani labda maneno yanangoja nivae vizuri. Hayakuja. Neno lenyewe, hotuba, lilinitisha. Ni la watu wenye tai, na mimi darasa la mwisho nililokalia ni la nne.

Nilikuja kuujua ugonjwa wangu siku ya kubadilisha shuka. Nilikuwa nimelishika, nimelikung'uta, naenda kukutanisha pembe, mara sentensi ikanitoka yenyewe kama jasho: Bi Mdogo, ulilelewa ndani ya tenga la mashuka safi.

Nikasimama. Nikajaribu kuongeza nyingine. Hakuna. Nikatembea tena na shuka. Ikaja.

Hapo ndipo nilipong'amua. Kule hospitali, nilikokuwa nikimlaza Bi Mdogo mchanga tengani, mashine za kufulia zilinguruma kutwa. Ukiwa mwisho mmoja wa shuka na mwenzako yuko mwisho wa pili, hata akipiga kelele humsikii, unaona meno tu. Basi tulikung'uta kimya, tukavuta kimya, kisha mmoja humwendea mwenzake kumpa pembe. Pembe zikikutana, pua kwa pua, ndipo unasema lako. Sentensi moja, unarudi. Akija yeye na jibu, shuka limeshakuwa nusu.

Habari nyepesi ilimalizika shuka moja. Mume wa Pacha alipohama nyumba, ilituchukua rundo zima.

Kumbe maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu neno la maana nikiwa nimesimama mahali pamoja. Maneno yangu hutoka nikimwendea mtu. Na mtu wa kumwendea sikuwa naye.

Nikaangaza chumbani. Kitanda, kabati, meza, jiko. Dirisha, na nondo zake.

Nikachukua shuka, nikafunga pembe mbili kwenye nondo ya katikati, nikashika pembe zangu mbili, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Nikakung'uta. Nikavuta. Nikaenda mpaka dirishani, nikaiambia nondo sentensi yangu, nikarudi.

Maneno yakaja kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Siku hiyo nikapata mwanzo, kesho yake nikapata katikati. Nondo ilikuwa na adabu kuliko watu wengi niliozungumza nao. Nilipozoea, nikaanza kuiita Pacha. Haikukataa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Nondo haipokei pembe. Kila nikifika inanibidi nirudi na shuka lilelile, zima, halipungui. Na mwisho wa hotuba ulinikatalia kabisa. Nilikuwa nafika katikati, naanza upya. Hilo nikajifanya silioni.

Sasa, ng'ambo ya ua anakaa jirani tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Si mtu mbaya. Mtu mbaya husema uongo. Redio hutangaza alichokiona kwa macho yake, ila hukitangaza kabla hakijaisha.

Na alichokiona ni hiki: ajuza amefunga shuka dirishani, anavutana nalo kama na mbuzi, anasogea mpaka pua inagusa chuma, anaongea, anamwita Pacha, yule Pacha tuliyemzika, Redio naye akiwepo, kisha anarudi kinyumenyume. Na anarudia.

Akampigia simu mkwe wangu.

Mwanangu na mkewe walikuja Jumapili bila kuniarifu, wamebeba mfuko wa machungwa. Mtu akikuletea matunda bila sababu, ujue ameshakuona mgonjwa. Mkwe wangu ni mwanamke mwema, karani, anayependa kila kitu kikae mahali pake. Aliketi ukingoni mwa kiti, akasifu chai, akasifu pazia, kisha akauliza kwa sauti ile wanayoulizia watoto:

"Mama, hivi leo ni siku gani?"

Nikafurahi. Siku nyingi hakuna aliyecheza nami. Nikamjibu, "Leo ni mtoto wa jana na mama wa kesho."

Akamtazama mumewe.

"Na huyu anayekutembelea hapo dirishani, ni nani?"

"Ana mwili wa chuma, hana masikio, na hajanikatiza hata mara moja."

"Anakaa wapi, Mama?"

"Hapo hapo ukutani. Tangu nyumba ijengwe hajatoka."

Kikombe chake akakiweka chini polepole.

Nikamgeukia mwanangu. Huyu mtoto nilimwita Mwizi wa Majibu, kwa sababu zamani nilikuwa nikitega, yeye anategua kabla sijafunga mdomo. Nikamwona anatazama dirisha, anatazama nondo, pembe ya mdomo ikapanda. Alijua. Nikangoja aseme. Jibu akalimeza pamoja na chai.

Nilipoona mzaha unatumbua usaha, nikaacha mafumbo. Nikawaeleza kwa lugha nyoofu habari ya mashine, ya pembe, ya sentensi moja moja. Nadhani nilieleza vibaya, maana nilikuwa nimekaa. Basi nikainuka, nikalitoa shuka, nikampa mwanangu upande mmoja. Nikamwomba ashike kidogo tu, asikie mwenyewe.

Alinyanyuka, wajukuu zangu. Mkono ulishatoka mfukoni. Mkewe akasema, wala si kwa ubaya, "Baba Bi Harusi, mwache Mama apumzike."

Mkono ukarudi mfukoni. Akakaa.

Wakanieleza walivyoamua. Nisihangaike na hotuba. Mshereheshaji atasoma maneno machache kwa niaba yangu. Nikawauliza mshereheshaji ananijua wapi. Wakasema si lazima anijue, ndiyo kazi yake. Mimi nitakaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, nitapendeza.

Walipoondoka nilimenya chungwa moja nikalila nimesimama. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia ganda linavyochanika.

Ningekuwa mtu wa kusikia, ningeishia hapo. Lakini hotuba ilikuwa imeshaingia tumboni, na mimba haiahirishwi. Nilimwahidi Bi Mdogo, si mshereheshaji. Nikasema nitaikamilisha kwa siri, na siku ya siku nikiwa kwenye kile kiti cha mbele nitasimama tu, wataniketisha mbele ya watu wote? Nikafunga pazia, nikafunga shuka, nikaanza kunong'ona.

Kosa lingine. Mwanzo Redio alikuwa anaona. Sasa anasikia mnong'ono nyuma ya pazia. Na mtu asiyeona ndiye anayetangaza zaidi. Alikuja siku moja kuomba chumvi, akasimama mlangoni akichungulia nyuma yangu, akauliza, "Hamjambo humu ndani?"

Nikamwambia tuko mmoja. Hakucheka.

Wiki hiyo simu yangu haikulia. Niliitoa mfukoni nikaiweka mezani, nikidhani mfukoni haisikiki. Nikaitoa mezani nikaiweka dirishani, nikidhani mtandao. Nikaibeba mpaka dukani, nikajipigia kwa simu ya muuza duka nione kama inafanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana. Nikaipokea mwenyewe, nikasema haloo, muuza duka akaniangalia, nikamrudishia simu yake.

Nyumbani nilivuta shuka, nikaenda, nikasema, nikarudi. Nondo haikuwa na neno. Nikaona haya kuiita Pacha, kana kwamba Redio amenifundisha adabu.

Harusi ilipokaribia kabisa, alasiri moja mlango ukagongwa, akaingia Bi Mdogo. Nywele zimesukwa, uso umechoka kwa ile furaha ya maarusi isiyolala. Hakuleta matunda. Nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Hakukaa. Akatazama dirisha, akatazama shuka. "Bi Mkubwa," akasema, "Baba kaniambia una shuka linalotaka mtu."

Kumbe Mwizi wa Majibu alikuwa amesema. Ila alisemea mbali.

Bi Mdogo akafungua mafundo kwenye nondo kwa kucha zake za bi harusi. Simu yake akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akaniambia anataka kunirekodi, aniweke. Nikasema aniweke tu, hata nyanya huwekwa kwenye kopo. Akashika pembe mbili, akarudi nyuma. Mvuto wake wa kwanza ulikuwa laini. Nikamwambia shuka halibembelezwi. Akavuta. Likakaza.

Nikaenda.

"Bi Mdogo, ulilelewa ndani ya tenga la mashuka safi, ndiyo maana hadi leo ukinusa sabuni unasinzia."

Akacheka, akapokea pembe. Akapokea, wajukuu zangu. Shuka likawa nusu.

"Huyu bwana uliyempata simjui. Nimemwona mara moja, akala kwa adabu. Siwezi kumsifu nisiyemjua. Nitakupa ninachokijua."

Tukavuta. Mara hii alikuja yeye, akasimama puani pangu, macho yamejaa. Nikasema mimi.

"Mkigombana msirushiane maneno toka mbali. Aliye mbali husikia kelele, hasikii neno. Mwendee kwanza. Ukifika puani pake utakuta nusu ya hasira umeidondosha njiani."

Likakunjwa tena.

"Na siku atakapokuja yeye, kimya, ameshika pembe zake, usimwulize alikuwa wapi muda wote huo. Pokea."

Hapo shuka lilikuwa dogo kama mto wa mtoto, mikono yetu minne juu yake, na hakuna tena mahali pa kurudi nyuma. Na ule mwisho ulionikatalia ukaja mwenyewe, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekwisha.

"Nimemaliza. Lililobaki ni dogo, utalikunja peke yako."

Akanikumbatia na shuka likiwa katikati yetu. Alilia kwa kwikwi. Mimi sikulia, nilikuwa naupima ukumbi kichwani. Nikajiona nimesimama pale, yeye upande wa pili na gauni lake refu, shuka jeupe kati yetu, watu wamenyamaza. Nilikuwa nimeshachagua shuka lipi. Lile la pamba lenye pindo, nililopewa siku ya kuagwa kazini, sijalilalia hata siku moja.

Nikamwambia. Nikamwambia tutaingia nalo wapi, nani ashike mkoba wangu, na goti langu nitalikanda asubuhi.

Bi Mdogo akajifuta uso. Akachukua simu, akaangalia.

"Imeingia yote," akasema. "Hii tutaionyesha ukumbini, kwenye ukuta, kubwa hivi."

Nikacheka, nikasema nitaona haya kukaa mbele za watu najitazama.

Akalichukua lile shuka lililokunjwa, akaliweka kitandani, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka.

"Hutakuwepo, Bibi."

Hakusema Bi Mkubwa. Alisema Bibi.

Mengine aliyasema haraka, kama mtu anayevuka barabara. Ngazi za ukumbi ni nyingi. Goti langu. Makelele. Ndugu wa upande wa bwana hawanijui, wanaweza wakanielewa vibaya. Mama yake amesikia kwamba sasa nafunga pazia na kunong'ona. Wameona bora nitulie nyumbani, na jirani ameshakubali kushinda nami siku hiyo nisiwe peke yangu.

"Jirani yupi?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya ua.

Nilikaa kitandani. Nilitafuta neno la kumwambia, na kama kawaida, nikiwa nimekaa, halikuja. Mwisho nikauliza moja tu: "Na wewe, Bi Mdogo, ulisemaje?"

"Nilisema nataka sauti yako iwepo."

Nje honi ikalia. Ni mama yake, yuko kwenye gari. Alikuwa kwenye gari muda wote ule, sisi tukikunja. Honi ikalia tena.

Nikaomba nijisikilize mara moja kabla hajaondoka nayo. Akanipa simu kwa mikono miwili. Akanionyesha: nikigusa hapa, inaongea. Hapa penye alama ya pipa la taka nisiguse, inafutika, na bado hajamtumia mtu yeyote. Akatoka kwenda kumwambia mama yake angoje.

Nikagusa pale aliponionyesha.

Yule mwanamke mle ndani hakuwa ajuza wa dirishani. Alikuwa anatembea. Alikuwa anamwendea mtu, goti limesahau kuuma, na kila alipofika kulikuwa na mikono inayomngoja. Nilimsikiliza mpaka akasema nimemaliza. Nilimwonea wivu.

Nikawaza. Hii ikienda ukumbini, watu watampigia makofi yeye, na mimi nitakuwa humu na Redio, naulizwa kama hatujambo. Isipokwenda, Bi Mdogo atakosa kitu pekee alichokiomba. Pengine watarudi kunichukua, wanipandishe ngazi. Pengine watamwita mshereheshaji, na basi.

Kidole kikaenda kwenye pipa. Siwezi kusema nilikituma. Siwezi kusema sikukituma.

Haikufutika. Simu ikaleta maandishi, tena kwa Kiswahili, maana Bi Mdogo simu yake ameiweka Kiswahili. Nikayafuata neno kwa neno kama mtoto wa darasa la pili. Yalisema: Una uhakika? Chini yake, upande mmoja Ndiyo, upande mwingine Hapana.

Tangu harusi hii ianze kupangwa, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuniuliza mimi nataka nini.

Nje mlango wa gari ukafungwa. Viatu vya Bi Mdogo vikaanza kurudi, vinakuja upesi, na nyuma yake viatu vingine, vizito zaidi, vya mama yake. Kitasa kikazunguka, na kidole changu kingali hewani.